Shemeji katika Mzigo wa Mkononi

Kamba hukatikia panene. Anayesema hukatikia pembamba hajawahi kuning'inia, amesimuliwa tu. Pembamba kila mtu anapaona, anapakwepa, anapafunga utepe mwekundu. Panene ndipo mtu anapoweka roho yake, na ndipo ile ilipokatikia, Jumanne asubuhi, ghorofa ya ishirini na nne, mita sita juu ya kiuno cha Mashoto.

Wiki sita baadaye, saa moja na nusu asubuhi, Mjusi alikuwa mtu wa nne kwenye foleni ya uwanja wa ndege, begi mgongoni, vidole gumba chini ya mikanda ili isimkate mabega. Mjusi ndilo jina walilompa kazini, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na alipanda kuta kana kwamba zimelala. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo vya majengo marefu, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na mmoja. Mashoto alikuwa fundi mwenzake, na pia mume wa dada yake. Mjusi mwenyewe ndiye aliyewakutanisha, jambo ambalo Mashoto hakuchoka kumlaumu kwalo kila siku aliyonuniwa nyumbani.

Begini mlikuwa na kamba ya mita sita, mkanda wa kupandia unaozunguka kiuno na mapaja, na pete nne za chuma ambazo mafundi huziita karabina. Vyote kwa pamoja vilikuwa kilo tatu. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye mkanda kwa fundo alilolifunga Mashoto asubuhi ile. Mashoto naye alikuwa bado yumo kwenye fundo.

Hilo lilijulikana siku ya mazishi. Jeneza lilibebwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa akiongea na simu. Lakini begi la vifaa, ambalo watu wanne wa hospitali walilitua kizingitini na kuondoka wakishika viuno, lilikaa pale pale siku tisa. Watoto walilipanda na kulishuka. Dada alifagia kando yake. Siku ya kumi Mjusi alichuchumaa, akaingiza mikono kwenye mikanda ya begi, akasimama nalo, akajua ni nani. Kila mwisho wa mwezi mafundi wa kamba hufanya zoezi la kuokoana: unambeba mwenzako mgongoni kwenye ngazi kana kwamba amezimia. Kwa miaka saba Mjusi alipangiwa Mashoto. Uzito wa mtu si kama uzito wa saruji. Una namna yake ya kuegemea, na huyu aliegemea kushoto.

Kamba ilikatika kwa sababu ghalani ilikaa rafu moja na madumu ya asidi ya kuondolea saruji kwenye kuta. Mvuke wa asidi huila kamba kwa ndani na kuiachia ngozi yake nzuri. Mjusi alimwambia mtunza ghala mara mbili, na mara ya tatu akaandika kwenye daftari la ghala. Na Jumatatu ile, kama kila Jumatatu, alifumba macho akaipitisha kamba yote vidoleni, na vidole vikasema ni nzima.

Kampuni haikuandika habari ya asidi. Iliandika kwamba Mashoto, kwa uvivu, alitoka dirishani bila kujifunga, na kwamba kipande kile ni takataka iliyookotwa ghalani na ndugu zake. Dada na watoto wawili walikuwa wakikaa nyumba ya kampuni, vyumba viwili na jiko la kuchangia. Mjane wa mtu aliyekufa kazini hukaa. Mjane wa mzembe huhama. Baraza la ajali za kazini lilikuwa katika mji wa mbali, siku mbili kwa basi, na barua yake ilifika juzi. Ilimtaka Mjusi afike leo saa nane mchana na ushahidi alio nao, "kwa mkono wake mwenyewe, bila kuukabidhi kwa mtu mwingine njiani." Picha hazitapokelewa, barua ilisema, kwa kuwa kampuni nayo ilikuwa na picha zake.

Ushahidi wenyewe ulikuwa fundo. Lilikuwa fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, ambalo kila fundi hulifunga, lakini Mashoto alitumia mkono wa kushoto na nane yake ilitazama upande wa pili, kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo. Kikosi kizima hakikuwa na mwingine wa aina hiyo. Wenzake walimtania kwamba hata kifo kikija kitachelewa, maana kitakuwa kinamtafuta upande usio wake. Mjusi aliwahi kujaribu kulifunga fundo lile, likamtoka kama sahihi ya kughushi.

Karani wa mizigo alikuwa kijana mwenye tai iliyopigwa pasi. Mjusi aliweka begi kwenye mizani. Mizani ilisema themanini na mbili.

"Mzigo wa mkononi ni kilo saba, dada," karani alisema.

Mjusi alieleza kwamba mzigo ni kilo tatu tu. Zilizobaki ni shemeji. Karani aliuliza kama shemeji anasafiri. Anasafiri. Je, ana tikiti? Mjusi alijibu kwamba tikiti hukatwa kwa kitambulisho, na kitambulisho chake kilirudishwa serikalini alipofariki. Karani alipiga simu kwa mkubwa wake, akasikiliza, akaitikia naam mara tatu. Kisha akasema kwamba kwa utaratibu wa shirika mizigo hupimwa, watu hawapimwi. Akatoa sabini na tisa, akafunga kwenye begi lebo ya kilo tatu, akampa pole ya msiba na kumwita mtu anayefuata.

Mjusi alipanda ngazi akipumzika kila hatua ya kumi. Ngazi ya umeme ilikuwepo, lakini ilikuwa imefungwa kwa matengenezo.

Kwenye ukaguzi aliliweka begi kwenye mkanda wa mtambo, na mkanda ukalalamika kidogo, ukaenda. Afisa aliyekaa mbele ya skrini alikuwa mwanamke wa makamo aliyevua kiatu kimoja chini ya meza. Skrini ilionyesha mtu aliyekunjwa, magoti kidevuni, na pete nne za chuma pembeni yake. Afisa aliusimamisha mkanda. Alizitoa karabina moja moja, akapitisha kidole kuona kama zina ncha, akazirudisha. Mkanda wa kupandia aliukunjua akaukunja. Halafu akaelekeza kalamu kwenye doa jeusi tii katikati ya skrini.

"Hapa sioni ndani," alisema.

"Ni shemeji."

"Shemeji nimeshamwona. Naongelea fundo."

Mjusi alimweleza. Alieleza habari ya mkono wa kushoto, baraza, saa nane mchana, na vyumba viwili vyenye jiko la kuchangia. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si wengi wangelifanya, kisha akamwita msimamizi. Msimamizi alikuja na kitabu chenye jalada la plastiki, akasoma kwa sauti isiyo na ubaya wowote. Kitu chochote kilichofungwa, ambacho mtambo hauoni ndani yake, kitafunguliwa mbele ya afisa. Mwenyewe asipotaka, kitashuka chini kwenye mizigo mikubwa.

Chini hakukuwezekana. Kamba iliyotoka mbele ya macho ya mwenyewe, hata kwa nusu saa, mafundi huiita kamba mfu. Huikata vipande na kuitupa, kwa sababu hakuna ajuaye imepitia mikono ya nani. Hivyo ndivyo Mjusi alivyofundishwa, na hivyo ndivyo barua ya baraza nayo ilivyosema kwa maneno yake. Aliuliza kama wanaweza kumpigia simu mwenyekiti wa baraza. Msimamizi alisema simu ya ukaguzi haipigi nje. Aliuliza kama wanaweza kuandika barua kwamba fundo lilikuwepo, na lilikuwa la upande gani. Msimamizi alisema wao huandika vitu vilivyonyang'anywa, na fundo halijanyang'anywa, linafunguliwa tu. Aliuliza ndege inayofuata ni saa ngapi. Ilikuwa kesho.

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye nguzo ya tatu. Mzee mmoja aliyeshika mshipi wake mkononi, suruali ikining'inia kwa rehema ya Mungu, alimwambia, "Binti yangu, fungua tu. Ni fundo, si ndoa."

Watu wawili walicheka. Afisa alivaa glavu, akanyoosha mkono. Mjusi akauzuia. Kamba ya fundi haishikwi na mgeni. Alisema atafungua mwenyewe.

Fundo lililobeba mtu anayeanguka hukaza likawa kama kokwa. Huwezi kulivuta, unalivunja mgongo kwanza, unalikunja huku na huku mpaka lilegee. Mjusi aliuweka mkanda wa kupandia chini ya unyayo wake, akaikaza kamba, akaanza. Kamba ilipokazwa ndipo Mashoto alipopata sauti, kama ilivyokuwa tangu siku ile ya kumi. Ikilegea, alinyamaza.

"Taratibu, shem," alisema Mashoto. "Usiniangushe mara mbili."

Vidole vya Mjusi vilifanya kazi viliyoizoea. Kitanzi cha kwanza kilitoka, kisha cha pili. Nane ikawa sifuri, sifuri ikawa kamba. Palipokuwa na fundo palibaki mikunjo miwili mitatu, kama shati lililolaliwa. Alingoja begi liwe jepesi. Halikuwa jepesi.

Alipoikaza kamba tena, Mashoto alisema, "Nimeshika. Twende."

Begi lilipitishwa mara ya pili. Skrini ilionyesha mtu yule yule, safari hii amenyooka, mikono yote miwili juu ya kichwa. Doa jeusi halikuwepo. Afisa alimshukuru kwa ushirikiano, akatafuta kiatu chake kwa mguu.

Ndani ya ndege Mjusi alikaa dirishani, upande wa kushoto, begi chini ya kiti cha mbele kama inavyotakiwa. Ndege iliporuka ililalia kushoto na ikabaki hivyo. Rubani alitangaza kwamba kuna shemeji upande huo, akaomba uvumilivu. Mhudumu alipita akawaomba abiria watano wanene wahamie kulia. Walihama bila kinyongo, mmoja na gazeti lake, na chai ikaacha kumwagika.

Mjusi aliivuta kamba begini, akaikaza kati ya mguu na ngumi yake.

Mashoto aliuliza nje kunaonekana nini. Alikuwa ameosha vioo mpaka ghorofa ya arobaini, lakini hakuwahi kupanda ndege. Mjusi alimwambia ni mawingu, yako chini, yamelala kama povu kwenye kioo kabla hujapitisha mpira wa kukaushia. Mashoto akasema kioo kikubwa namna hiyo wangepangiwa wao wawili tu, na mkubwa wa zamu angetaka kiishe kabla ya chakula cha mchana. Aliuliza habari za watoto. Aliuliza kama dada bado amenuna. Mjusi akasema amenuna, lakini safari hii si kwake.

Halafu Mjusi alimwomba ajifunge tena. Alimweleza mpango wote kwa kunong'ona: yeye ataikaza kamba, Mashoto alifunge fundo lake kama siku zote, wafike barazani likiwa mahali pake.

"Kwa mkono upi, shem? Yote miwili imeshika. Nikiachia mmoja ninakwenda."

Mjusi alisema atamshika yeye. Alipapasa chini ya ncha ya kamba, mahali ambapo mtu angekuwa na kifundo cha mkono. Palikuwa na uzito tu, na uzito hauna pa kushikia.

Mbele yao mtoto alikuwa akiuliza watafika lini, na kila mara akijibiwa kwamba ni sasa hivi. Kisha Mjusi akasema lile alilolibeba kwa wiki sita. Alisema kamba ile aliipitisha yeye vidoleni, Jumatatu, akaipitisha kuwa nzima, na kwamba anamwomba radhi.

"Hiyo si ya kwako," Mashoto alisema. "Wewe uliandika kwenye daftari. Radhi ina mwenyewe, shem, mwachie mwenyewe. Na ukirudi umwambie dada yako funguo ya kabati iko juu ya kabati. Amevunja mlango bure."

Baraza lilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu, feni moja na viti vya plastiki vilivyoandikwa namba. Walikuwapo wajumbe watatu, mwenyekiti akiwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Karani wa baraza aliandika. Wakili wa kampuni alikuwa amekaa karibu na feni. Alimsalimia Mjusi kwa heshima, akampa pole, akamwuliza kama safari ilikuwa nzuri.

Mjusi alitoa vitu vyote mezani. Kisha akasimama juu ya kiti namba saba, akainua kamba kwa mikono miwili. Kamba ilinyooka kuelekea sakafuni ikakaza, ikalia kidogo kama kitanda cha chuma. Mwenyekiti aliagiza mizani ya chumba cha vifurushi. Ilikuja, ikasomwa, karani akaandika: sabini na tisa. Mwenyekiti alilinganisha na kadi ya kliniki ya marehemu, akaona ni sawasawa, akamwuliza wakili kama kampuni inapinga.

Wakili alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alisema kampuni haina ubishi kwamba marehemu yupo. Kampuni inamkaribisha. Ana swali moja tu kwa marehemu, kama mwenyekiti ataruhusu.

"Bwana, hapo ulipo, umejifunga au umeshika?"

"Nimeshika," Mashoto alisema. Hakuwahi kuwa mtu wa kusema uongo, hata pale uongo ulipokuwa na faida. Dada alikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo.

Wakili alishukuru akakaa.

Mjusi, bado juu ya kiti, alieleza. Alieleza uwanja wa ndege, doa jeusi, kitabu chenye jalada la plastiki. Mwenyekiti aliuliza kama ana karatasi yoyote kutoka kwa afisa. Hakuwa nayo. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa haki kadiri chumba kilivyoruhusu, alisema njia ni moja: marehemu alifunge fundo hilo hapa mbele ya wajumbe, waone ni la mkono upi. Mashoto alisema angependa sana, ila mikono yake ina kazi. Wakili aliomba iandikwe kwamba marehemu alipewa nafasi ya kujifunga na akakataa. Karani akaandika.

Mjusi alisema juu ya asidi. Alisema juu ya madumu, rafu, na siku aliyoandika kwenye daftari. Wakili alitoa daftari la ghala, jipya, lenye kurasa zote nyeupe, akasema la zamani liliharibiwa na asidi. Alisema pia kwamba ghala limepakwa rangi, na baraza linakaribishwa kuliona wakati wowote. Mjumbe wa kushoto aliuliza rangi gani. Ya maziwa, wakili alisema.

Wajumbe walinong'onezana kwa muda wa mtu kunywa glasi ya maji. Mwenyekiti alivua miwani. Alisema baraza limeridhika kwamba marehemu ananing'inia kwenye kamba hii, na linasikitika. Hata hivyo baraza halikuona fundo, na lisiloonekana haliandikwi. Maelezo ya kampuni yatabaki yalivyo. Nyumba itarudishwa mwisho wa mwezi, pamoja na funguo zake zote.

Lilikuwa limebaki jambo dogo. Kampuni ilikuwa imetuhumiwa kughushi na kuua, maneno mazito, na jalada halifungwi likiwa na maneno mazito yaliyoachwa wazi. Kwa kawaida mlalamikaji huomba radhi, sentensi moja tu, na mambo huisha kiungwana. Wakili alisema kampuni haitaki makuu. Hata kwa mdomo inatosha. Karani aligeuza ukurasa, akachora mstari, akasubiri na kalamu yake.

Mjusi alikuwa bado ameiinua kamba. Sabini na tisa kwa robo saa, bila mgongo wa kusaidia, si mchezo hata kwa fundi.

"Shem," Mashoto alisema kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua. "Vidole vinateleza."

Mjusi alizungusha kamba mara moja kwenye kiganja chake, ikamkata, akaikaza zaidi. Mwenyekiti alimwambia anaweza kushuka kwenye kiti, kisha aseme sentensi yake.

"Nitashuka," alisema Mjusi. "Radhi siombi."

Karani aliuliza aandike nini kwenye mstari.

"Andika hilo. Siombi."